Alhamisi Isiyo na Kengele

Soko la Hathersby, mji mdogo wa Uingereza, haliuzi hata kitunguu kimoja kabla ya kengele. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za biashara ya sufu, na ndivyo ilivyokuwa Alhamisi ile ya Oktoba, manyunyu yakishuka polepole kama yameajiriwa kwa siku. Wauzaji walikwisha kupanga jibini, samaki na viazi vyao, wakavifunika tena kwa maturubai, wakasimama mikono mifukoni. Wanunuzi nao walisimama mbele ya meza na vikapu vitupu, kimya, kama watu wanaongoja jeneza litolewe ndani. Saa tatu, saa ya kengele, ilipita. Saa tatu na nusu ikapita. Kengele haikulia. Na kwenye benchi lililo chini ya ukuta wa jumba la soko, mahali ambapo habari za mji ule hupikwa, hukaangwa na kugawiwa bure, watu watatu walikuwa wamekaa bila kahawa, na kwao hilo ndilo lililokuwa balaa lenyewe.

Aliyefika kwanza, kama kawaida, alikuwa Desmond Oldroyd, ambaye mji mzima ulimwita Soseji. Aliuza nyama tangu ujana wake mpaka mikono ilipoanza kutetemeka juu ya kisu, ndipo akauza duka. Mkewe Pauline alikuwa ameanguka nyuma ya kaunta ya duka hilo asubuhi moja na hakuinuka tena, na nyumba aliyohamia baadaye ilikuwa na ukimya uliomtoa nje kabla hata ya kunywa chai. Kando yake alikaa Glenda Braithwaite, yaani Redio, aliyetengeneza nywele za wanawake wa Hathersby kwa muda mrefu kiasi kwamba alikijua kila kichwa, nje na ndani. Wa tatu alikuwa Trevor Pask, waliyemwita Diwani. Hakuwahi kuwa diwani. Aligombea kila uchaguzi, akashindwa kila uchaguzi, na wenzake wakampa cheo hicho kwa kumhurumia.

Mbele yao, chini ya mwavuli mkubwa, Ieva alichemsha maji ambayo hakuruhusiwa kuyauza. Binti huyo wa Kilithuania aliingia sokoni na mashine yake ya kahawa majira ya machipuko, na mambo ya mji ule bado yalimpiga chenga.

— Niwape tu, wazee wangu? Bure?

— Usithubutu, mwanangu, Diwani akamwambia. Kutoa bure nako ni biashara. Sheria ya mfalme inasema atakayeuza kabla ya kengele atalipa kondoo mmoja.

— Mfalme gani?

— Mmojawapo.

Ieva hakuwa na kondoo. Akarudisha vikombe mahali pake.

Mpiga kengele alikuwa Cyril Tansley, mzee mrefu, mkimya, wa koti jekundu lenye vifungo vya shaba. Kila Alhamisi alipanda ngazi za jumba la soko, akaifunga kamba kwenye kengele, akaipiga, kisha akaifungua kamba, akaikunja mkononi, akagusa kofia yake kuwasalimu watu, akaenda zake. Kamba alirudi nayo nyumbani, maana zamani vijana walevi walikuwa wakija kuipiga kengele usiku na kuwatoa watu vitandani. Kwa hiyo siku hiyo kengele ilikuwepo, inaonekana na kila mtu, inaning'inia juu ya vichwa vyao, na hapakuwa na namna ya kuipiga.

Redio ndiye aliyefungua mjadala. Alisema yeye mapema sana aliona kuna mwanamke. Wakamwuliza ameonaje. Akasema viatu. Wiki zile za mwisho, mzee Tansley alikuwa akija na viatu vilivyong'arishwa hata mtu angeweza kujitazama humo, na akishapiga kengele anaondoka mbio kama ameacha chungu jikoni.

— Mwanaume mstaafu, akasema Redio, ana haraka ya kwenda wapi? Niambieni. Mke wake simjui, sijawahi hata kuzishika nywele zake. Lakini kuna mwanamke hapo. Kwaya ya kanisa imejaa wajane, na wote wanaimba sauti ya kwanza.

Diwani alicheka kwa dharau. Alisema mambo ya mapenzi ni ya watu wasiosoma alama za nyakati. Kengele ile imeuzwa. Wakubwa wa mji wameiuza kwa tajiri mmoja wa kukusanya vitu vya kale, na hiyo inayoning'inia pale juu ni ya plastiki, imepakwa rangi. Mzee Tansley kapewa kitu kidogo akae kimya.

— Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, akamalizia. Ndiyo maana mimi sivai fulana ya ndani.

— Hiyo methali haina uhusiano na fulana, bwana wee, Soseji akamwambia.

— Ina uhusiano na nini basi?

Soseji hakutaka kuingia huko. Yeye alikuwa na maelezo yake, na aliyaona ya mtu mwenye akili timamu. Kulikuwa na wale watu waliohamia kwenye nyumba mpya za ghorofa nyuma ya kanisa, ambao walilalamika kwamba kengele inawaamshia mtoto. Hilo lilikuwa kweli, kila mtu alilisikia. Lakini benchi lile lilikuwa na tabia moja: mtu akianza na neno la kweli, halimtoshi. Kabla hajamaliza kulisema, Soseji alijikuta akieleza kwamba watu wa Skelby, mji wa jirani, ambao wana soko lisilo na kengele wala mila yoyote ya maana, walisikia habari za ugomvi huo wakaja usiku kumshawishi mzee.

— Wamemsajili, akasema. Usajili wa kimya kimya, kama wa mpira. Sasa hivi yuko Skelby, kapewa koti jipya.

— Skelby hawana kengele, Redio akamkumbusha.

— Watanunua. Kwanza unanunua mchezaji, uwanja baadaye.

Diwani aliona anapitwa. Akasogea ukingoni mwa benchi, akashusha sauti, akasema basi awaambie ukweli wote, ila wasimtaje. Jambo lenyewe linatoka juu sana. Serikali inataka kujua watu wa miji midogo wanaweza kuambiwa wangoje kwa muda gani kabla ya kuuliza. Leo ni kengele, kesho ni mkate, keshokutwa pumzi. Akaonyesha umati kwa kidole: tazameni, chakula kimejaa mezani, pesa zimejaa mifukoni, na watu wamesimama mvuani hawauzi wala hawanunui.

— Simba mwenda pole, akasema kwa uchungu, hujaza kibaba.

Hapo muuza jibini alifunua turubai lake kidogo, mwanamke mmoja akamsogelea, na muuza samaki aliyekuwa upande wa pili akakohoa kikohozi cha kumwonya mtu. Turubai likarudi. Hakuna aliyewahi kumwona mtu akilipa kondoo, lakini pia hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

Ieva alikuwa amewasikiliza wote watatu, kitambaa begani. Alifikiri kidogo, akauliza kwa Kiingereza chake cha taratibu kilichomfanya kila mtu amsikilize:

— Huyo mzee anakaa wapi?

Redio alijibu kwa haraka kwamba anakaa kule, akapunga mkono upande wa mto. Kisha mkono ukasita, ukaelekea upande wa kanisa, ukarudi mapajani. Diwani alisema ni Mtaa wa Kinu. Halafu akakumbuka kwamba Tansley wa Mtaa wa Kinu alikuwa mwingine, fundi bomba, na alikwisha kufa. Wote wawili wakamgeukia Soseji.

Soseji alikuwa ameduwaa. Yeye alimjua Cyril Tansley kwa nyama. Kila Jumamosi, mbavu mbili za kondoo, nyembamba, na kipande cha mafuta kwa ajili ya ndege. Ilikuwa hivyo miaka na miaka. Kisha, katika mwaka wa mwisho wa duka, mbavu mbili zikawa moja, na pamoja nayo nyama ya kusaga kidogo. Mzee aliomba isagwe mara mbili, iwe laini kabisa. Soseji aliisaga mara mbili, akaifunga, akasema asante, karibu tena. Hakuuliza ni ya nani.

— Najua anachokula, akasema polepole. Mlango wake siujui.

Jambo hilo liliwakaa vibaya. Mtu yule aliwafungulia soko tangu wangali na nywele nyeusi, na wao walikuwa wamemhamishia Skelby, wamempa mchumba na wamemhonga, kabla ya kufikiria kwamba ana nyumba na pengine ameanguka ndani yake.

Soseji alisimama. Alimwendea muuza samaki, akamwulizia nyumba ya mzee, hajui. Muuza maua alisema anaonekana akitokea upande wa daraja, lakini daraja lina njia nne. Mchungaji alikuwa safarini. Ni Redio aliyesema kwamba mtu wa umri ule hakosi dawa, na mwenye kumpa dawa hakosi anwani yake. Wakavuka uwanja, wote watatu, Diwani akiwa nyuma akisisitiza kwamba anakwenda kama shahidi tu.

Msichana wa duka la dawa aliwasikiliza mpaka mwisho. Aliuma mdomo. Akasema anasikitika, lakini habari za mgonjwa hazitolewi, ni sheria, anaweza kufukuzwa kazi. Redio akaanza kumweleza kwamba yeye ndiye aliyemtengeneza mama yake nywele siku ya harusi, na msichana akasema anajua, na bado haiwezekani. Kisha akamtazama Soseji, ambaye alikuwa ameshika kofia yake tu, inadondosha maji sakafuni.

Msichana akavaa koti. Akamwambia mwenzake wa kaunta kwamba anatoka kidogo kupunga hewa.

— Kwenye mvua hii? mwenzake akauliza.

— Kichwa kinaniuma.

Akatoka, wala hakuwatazama. Wakamfuata. Alipita darajani, akashika njia ya kando ya mto, akapita nyuma ya ghala la zamani la sufu, mahali ambapo Soseji hakuwa amefika tangu utoto. Palikuwa na nyumba chache za matofali zilizobanana. Mbele ya geti moja la buluu msichana alisimama, akainama, akafunga upya kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Kisha akageuka, akawapita kama hajawahi kuwaona, akarudi kazini.

Soseji alibisha. Ndani palisikika sauti ya mwanamume ikibembeleza, kisha hatua mbili pamoja, nzito na nyepesi. Mlango ukafunguka.

Cyril Tansley alikuwa amevaa tayari. Koti jekundu, vifungo vya shaba, kofia kwapani, kamba mkononi, viatu vinang'aa. Na mwanamke mdogo wa mwili, mwenye nywele nyeupe zilizosokotana, amevaa gauni la kulalia na kandambili za manyoya, alikuwa ameushika mkono wa koti lake kwa mikono yote miwili, kama mtoto anayevushwa barabara.

— Bwana Oldroyd, akasema mzee. Uso wake ukawa mwekundu kama koti. Nimechelewa. Samahani sana. Najua nimechelewa.

Aliwaeleza pale pale mlangoni, kwa sauti ya chini, huku akiupapasa mkono wa mkewe ili asishtuke. Hazel alikuwa na ugonjwa wa kusahau, na ulianza zamani kuliko alivyotaka kukiri. Siku za Alhamisi jirani yao, mama mmoja mwema, alikuwa akija kukaa naye wakati yeye anakwenda kupiga kengele. Kengele yenyewe haichukui muda. Ndiyo maana alikuwa akikimbia. Jumamosi iliyopita binti wa jirani yule alikuja kumchukua mama yake akaishi naye pwani. Leo alfajiri Cyril alivaa kama kawaida, akidhani atapata njia. Lakini kila alipofika mlangoni Hazel alimshika. Na akimwacha peke yake hutoka kwenda kumtafuta mama yake, aliyekufa zamani. Juzi Cyril alimkuta mkewe ukingoni mwa mto, maji yanamfika kwenye vifundo vya miguu.

Redio alikuwa ameziba mdomo kwa skafu. Ni Soseji aliyesema:

— Ungetuambia, bwana. Ungetuambia sisi.

Cyril alimtazama kwa upole, bila ubaya wowote.

— Ningemwambia nani, Bwana Oldroyd?

Maji ya mvua yalikuwa yakimwingia Soseji shingoni na hakuhisi.

Redio ndiye aliyesogea. Hakuuliza ruhusa. Alimwendea Hazel, akainama hadi macho yakalingana, akamwambia nywele zake zina asili nzuri, ila nani amezifunga hivi? Akatoa kitana kwenye mkoba. Mkoba wake haukukosa kitana hata baada ya kufunga saluni. Akaanza kuzichambua taratibu kutoka chini, kama inavyotakiwa. Hazel alimtazama kwa mashaka. Kisha akafumba macho. Mkono mmoja ukaliachia koti. Wa pili haukuliachia.

— Yeye ndiye aliyekuwa akinitengeneza, Hazel akasema, akimwonyesha Cyril bila kufumbua macho. Anavuta sana.

— Wanaume wote wanavuta, mpenzi wangu, Redio akamwambia. Alisema baadaye kwamba alikuwa amepatia, kulikuwa na mwanamke kweli, na kwamba hajawahi kuona aibu ya kupatia kama siku ile.

Ilikuwa wazi kwamba mkono ule wa pili hautaachia. Diwani, aliyekuja kama shahidi, ndiye aliyetoa uamuzi. Alisema kama mlima hauendi bila mkewe, basi waende wote. Haikuwa methali ya mtu yeyote, na kwa mara ya kwanza ilikaa mahali pake. Wakamvisha Hazel koti la baridi juu ya gauni lake. Viatu alivikataa. Akaenda na kandambili zake za manyoya, Redio upande mmoja, mumewe upande mwingine, Diwani mbele akiwafungulia njia kama wanakuja na mfalme, yule yule mmojawapo.

Soseji alitembea nyuma. Jambo moja lilikuwa limemwingia mlangoni pale na halikutaka kutoka. Walipofika darajani akamsogelea Redio.

— Glenda, akamwuliza. Hakuwa amemwita kwa jina hilo miaka mingi. Mimi nakaa wapi?

— Unauliza nini wewe? Juu ya duka lako.

— Duka niliuza. Nilihama Pauline alipofariki.

Redio akasema hakujua. Akasema yeye anakaa Njia ya Kinu cha Upepo, nyumba ya mwisho, mlango una tabia ya kukwama, lazima uusukume na bega. Soseji akasema atausukuma. Diwani, ambaye masikio yake yalikuwa makali kuliko hoja zake, alijibu bila kugeuka kwamba yeye anakaa juu ya duka la mbao, ngazi za nyuma, na kengele ya mlango haifanyi kazi, wapige kelele tu.

Kengele ya soko ililia karibu na adhuhuri. Cyril alipanda ngazi na Hazel kwenye mkono wake, akaifunga kamba, na alipoivuta alivuta kwa mkono mmoja tu. Watu waliokuwa wamevumilia mvua asubuhi nzima hawakushangilia, maana kushangilia si jadi ya Hathersby. Walitazama tu juu, wakamwona yule mwanamke wa kandambili, wakaelewa walichokielewa. Muuza jibini alivua kofia. Kisha maturubai yakafunuliwa yote kwa mkupuo, yakamwaga maji yaliyokuwa yametuama juu yake, na soko likaanza.

Ieva alitoa vikombe vitano, akakataa malipo. Diwani alimwuliza kama anajua sasa kwa nini walimzuia. Akasema hajui, na hajali, wanywe kahawa kabla haijapoa.

Tangu siku ile benchi likawa na watu wanne siku za Alhamisi. Asubuhi Soseji alipita kwanza kwenye nyumba yenye geti la buluu, akaketi na Cyril wakanywa chai, wakamsubiri Redio aje kumtengeneza Hazel nywele. Kisha wote wakatembea pamoja hadi sokoni. Hazel alizoea. Alikaa kati ya Redio na Soseji, blanketi magotini, na alipokaa hapo mkono wake uliweza kuliachia koti jekundu kwa muda wa kengele moja. Siku nyingine aliwajua, siku nyingine aliwasalimu kama wageni wa heshima. Mabishano hayakupungua. Diwani aligundua kwamba ndani ya mnara wa kanisa kuna mitambo ya siri, na Hazel alimsikiliza kwa makini kuliko mpiga kura yeyote, akaitikia kwa kichwa, akamwambia ni kweli, aliiona.

Soseji alikuwa akimtazama Cyril katika siku zile. Pauline hakumuaga; aliomba apewe uzi wa kufungia nyama, na aliponyoosha mkono kuupokea akaanguka. Soseji alidhani hakuna msiba unaozidi ule wa mtu kuondoka ghafla. Sasa alimwona mwenzake akiagwa kidogo kidogo, kila asubuhi kipande, na hakujua tena ni upi mzito. Jambo hilo hakulileta kwenye benchi. Lilikuwa la kukaa nalo wakati wa chai tu.

Alhamisi moja ya Desemba baridi ilikuwa kali, mawe ya uwanja yameota theluji nyembamba kama unga. Cyril alimwekea Hazel blanketi sawa, akagusa bega lake, akapanda ngazi. Akaifunga kamba. Kengele ikalia, ikajaa uwanjani, na maturubai yakaanza kufunuka. Diwani alikuwa katikati ya kueleza kwa nini theluji ya siku hizi si theluji. Hazel aliinua mkono, na Diwani akanyamaza.

— Yule mwanaume anayepiga kengele, Hazel akauliza, ni nani?

Alikuwa akitazama juu, mkono umekinga macho.

— Anapiga vizuri, Hazel akaendelea. Tena ana mabega mazuri. Akamgeukia Soseji, akasogeza uso karibu, akashusha sauti kama msichana. Ameoa?

Watu wale hawakuwahi kukosa jibu la kitu chochote duniani. Diwani aliyatazama mawe ya chini kama anayetafuta methali iliyomdondoka. Redio aligeukia upande wa samaki. Soseji alivua kofia, akaivaa tena. Hata Ieva aliacha kupangusa vikombe, akasimama na kitambaa mkononi.

Hazel hakuwangoja. Kule juu yule mwanaume alikuwa anaifungua kamba, anaikunja, anashuka ngazi kwa haraka. Hazel alijifunga skafu vizuri shingoni. Akapitisha mkono juu ya nywele zake, zilizochanwa asubuhi ile, akahakikisha zimelala. Kisha akajisogeza kidogo kwenye benchi, akambana Soseji, ili ibaki nafasi ya mtu mmoja.